Shemeji, Acha Ilie Mara Mbili

Sanduku la Posta 61,
Malaba.
Jumapili, 1 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Edinah,

Salamu nyingi kutoka hapa mpakani. Natumaini hujambo, watoto hawajambo, na theluji ya Edmonton imeamua kuwaachia nafasi ya kupumua. Mwaka jana mwezi kama huu uliniambia bado mnavaa koti, nikadhani unanitania kwa kuwa mimi ni Msamia niliyelelewa na jua la Sio Port. Binti yetu Sharlyne akanionyesha picha. Niliomba radhi kimoyomoyo, leo naiandika.

Sisi ni wazima. Dada yako Alinga amenenepa kidogo, ila usimwambie nimekuambia. Mvua imetukubali, karanga za Moding zimefunika udongo, na foleni ya malori jana ilikuwa imefika karibu na kanisa. Barua hii inakuja na Sista aliyekuwa hapa likizo, pamoja na kopo la karanga za kusaga. Kopo likifika limepungua, muulize Sista.

Ningekuandikia haya katika kundi la familia la simu, lakini ndugu yenu Mathews yumo humo na husoma kila kitu kwa kalamu nyekundu. Nitaanza mbali, hata yale unayoyajua, kwa sababu Alinga anasema kama ulisimuliwa na Mathews basi ulisikia nusu.

Habari yenyewe ni ya Mama.

Alipoanguka mwezi wa tatu alikuwa anakwenda kufungua geti. Toka kiti chake hadi geti ni hatua sitini na mbili. Nimezipima kwa waya, kwa hiyo sibahatishi. Dereva wa lori alipiga hodi akitaka maji ya kunawa uso, Mama akainuka, njia ilikuwa na tope, na nyonga ikapata ufa. Dereva ndiye aliyembeba hadi ndani, na maji yake hakupata. Tangu hapo Mama anatembea na fimbo, lakini hodi hajaacha kuzifuata. Wanakuja wa maji, wa choo, wa kuchaji simu, wa kuuliza njia ya Busia. Kwa siku anaweza kwenda na kurudi mara tisa. Ukimwambia apumzike anasema mwenye nyumba aliyeketi huku hodi inapigwa ni sawa na maiti.

Mathews aliitisha kikao mwezi wa nne, nyumbani kwetu, na mimi nikapewa kazi ya kukata mkate. Akasema hivi, na maneno yake nimeyaweka kama yalivyo: "Mama akiweza kukaa kwa kiti yake na ajue nani anamwita, abaki. Asipoweza, tarehe ishirini na nne mwezi wa tano nakuja na gari, anahamia kwangu Eldoret." Mama alijibu kupitia Nerima, yule mama anayemsaidia mchana, kwamba yeye si gunia la mahindi, kwamba Eldoret kuna baridi ya kuhifadhi samaki, na kwamba kaburi la mumewe, mzee Emorut, haliwezi kupandishwa gari.

Hapo ndipo ulipotuma zile simu mbili za mezani zenye kioo cha kuonyesha namba ya anayepiga. Na hapo ndipo mimi nilipofanya kosa la kwanza. Nilisema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Unajua nilivyokuwa mtu zamani. Ofisi za uwakala wa forodha hapa Malaba zote zilikuwa na swichibodi, ile mashine ya kugawa simu za ofisini, na swichibodi zote zilinijua kwa jina. Siku hizi nauza kava za simu na kurekebisha redio za wazee wenzangu. Lakini nilikuwa nimehifadhi swichibodi moja ndogo chini ya kitanda, ofisi yake ilipofungwa, na kwa miaka minane dada yako amekuwa akiuliza hilo sanduku litazaa lini. Nililitoa kwa kiburi kikubwa, nikalipangusa mbele yake.

Mpango ulikuwa rahisi. Getini naweka intakomu, yaani kitufe, kipaza sauti na spika. Waya inakwenda hadi swichibodi, na swichibodi inaliza simu zako mbili, moja sebuleni na nyingine kando ya kitanda cha Mama. Geti nimelipatia namba kumi na nane. Mgeni akibonyeza, simu inalia na kioo kinaandika 18 na neno GETI. Mama anaongea naye akiwa ameketi, akiridhika anabonyeza tano na komeo la umeme linaachia. Wewe ukipiga kutoka Kanada, simu ni hiyo hiyo, ila kioo kinaandika ile namba yako ndefu kama treni. Kwa hiyo kabla hajafungua kinywa anajua kama ni geti au ni mtoto wake.

Adapta moja uliyotuma iliungua. Umeme wenu ni mpole, wetu si mpole, na mimi sikusoma kilichoandikwa mgongoni. Ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Simu yenyewe ni nzima, inatumia betri. Naendelea.

Sasa, shemeji, umekaa huko miaka kumi na tano na labda umesahau jambo moja. Mimi ni mkwe, na mila zinatukataza kuonana na mama mkwe. Tangu nimuoe Alinga, miaka ishirini na sita iliyopita, sijawahi kukaa uso kwa uso na Mama wala kuongea naye neno lisilopita kwa mtu mwingine. Nikifika pale huanza na kukohoa getini. Mama akisikia kikohozi hujipanga, hushika njia ya jikoni, ndipo napiga hodi na kuingia. Kwa miaka yote hiyo ninachokijua kwake ni kisigino cha kushoto na ncha ya kitenge ikipinda kona. Jina lake hata sasa silitaji, wewe unalijua.

Basi mpangie mtu kama mimi kazi ya kufunga simu chumbani kwake.

Sebuleni nilifunga siku aliyokwenda kwa kina mama wa kanisa. Chumbani sikuingia, ningeingiaje. Nilisimama ukumbini nikiuangalia ukuta, Nerima akawa ndani na bisibisi yangu.

"Kulia kidogo," nasema.

"Kulia kwangu ama kwako, Baba Sharlyne?"

"Kwako."

"Kwangu kuna kabati."

Tulikwenda hivyo saa mbili nzima. Soketi ya chumbani imepinda kama mtu anayesikiliza umbea. Lakini inafanya kazi.

Nilijaribu yote. Nerima akabonyeza getini, mimi nikasimama sebuleni mikono nyuma kama meneja, simu ikalia, ikalia tena, kioo kikaandika 18. Safi. Nikakusanya vyombo vyangu, nikaenda nyumbani nikala kama mtu aliyefanya kazi.

Kesho yake Nerima alikuwa dukani kwangu mapema. "Mama anasema hii simu haina macho."

"Haina macho aje?"

"Haionyeshi. Inalia, anashika, hakuna kitu. Kioo ni nyeupe tu."

Nilirudi, Mama akatolewa nje, nikajaribu. Kioo kikaandika 18. Nikaondoka. Jioni ujumbe ukaja kwamba simu imekuwa kipofu tena. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha simu, ya chumbani ikaja sebuleni. Nikafungua swichibodi na kuihamisha kwenye tundu jingine. Kila mara mikononi mwangu inaona, mikononi mwa Mama haioni. Nerima akaanza kusema labda inamkataa. Mama, nikaambiwa, alisema mashine haiwezi kumkataa mtu nyumbani kwake mwenyewe, bali fundi ndiye hajui kazi. Mathews alinipigia: "Oundo, wewe ni fundi wa redio. Si ungesema tu?" Na hata redio mbili zilikuwa zimenishinda wiki hiyo.

Halafu ikaja Jumapili ile uliyopiga wewe. Hiyo unaijua upande wako. Ulisema, "Mama," ukajibiwa, "Karibu, naja," halafu ukaachwa hewani dakika kumi ukisikiliza kuku. Huku upande wetu, Mama alikuwa ameshika simu, kioo kikiwa cheupe. Kila mtu anayesimama getini humwita Mama, kwa hiyo kitufe cha kufungulia hakukibonyeza, alitaka kwanza amwone mtu. Akaweka simu mezani, akachukua fimbo, akaenda hatua sitini na mbili kwenye mvua kumfungulia mtu aliye Edmonton. Aliteleza karibu na mgomba, akaushika. Mgomba ulivunjika, yeye hakuvunjika.

Ulimweleza Mathews, na sikulaumu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini hapo Mathews alinunua godoro la kutandika nyuma ya gari.

Ijumaa tarehe ishirini na tatu, siku moja kabla ya gari, nilikwenda peke yangu. Alinga alikuwa Busia kwa mambo ya kitambulisho, Nerima matangani Matayos, na nilikuwa nimeambiwa Mama yuko kanisani. Nilitaka tu kuangalia kitufe cha getini kama kimeingia maji. Nikabonyeza. Haikumaliza hata mlio mmoja.

"Karibu," sauti ikasema.

Nilijua ni yeye. Miguu ikataka kuondoka, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nilifanya nililozoea. Nikakohoa.

"Usikohoe kwa simu, Baba Sharlyne. Masikio yangu ni mazima."

"Yoga, Mama," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Yoga noi. Nerima ameenda matanga. Nani atatupitishia maneno?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Wewe uko nje, mimi niko ndani, na katikati kuna ukuta mbili. Tumeonana?"

"Hatujaonana."

"Basi hakuna aliyekosa. Sasa sikia. Hii simu yako ni kipofu. Kesho kijana wangu anakuja kunibeba kama gunia, na kamba ya kufunga hilo gunia umesokota wewe."

Shemeji, nimetukanwa na mawakala, madereva na dada yako, lakini hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini na ilifika mbali. Lori moja lilikuwa linapumua nyuma yangu. Nikasimama pale kama mtoto aliyetumwa chumvi akaipoteza. Ndipo nikauliza swali ambalo kwa wiki tatu sikumuuliza mtu, kwa sababu Nerima hakujua kuwa ni swali na mimi sikuwa na njia ya kumuuliza mwenyewe.

"Mama, simu ikilia, unaacha ilie mara ngapi ndio ushike?"

"Mara ngapi aje? Ikianza tu nashika. Mtu amesimama nje, mimi niketi hapa nikisikiliza muziki?"

Niliweka paji la uso kwenye geti. Lilikuwa na joto.

Namba ya anayepiga, shemeji, haiji pamoja na mlio wa kwanza. Inapita nyuma yake, katika ule ukimya mfupi kabla ya mlio wa pili. Ukishika mapema umeifungia mlango usoni, nayo hairudi. Hili nililijua tangu nikiwa na nywele. Lakini mimi ni mvivu, simu huiacha ilie, kwa hiyo kwangu ilionekana kila mara. Mama hajawahi kuiacha hodi ya mtu ikaning'inia tangu azaliwe. Adabu yake ndiyo iliyokuwa inaizima.

Nilimweleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hiyo namba inatembea pole kuliko sauti."

"Ndiyo, Mama. Ushike baada ya mlio wa pili."

"Hapana. Nitamwachaje mtu asimame kwa jua nikiwa nimemsikia? Afadhali Eldoret."

Hapo nikaona nimeshindwa kabisa, na nikiwa nimeshindwa ndipo huwa napata akili kidogo.

"Mama, mimi nikija hapa, huanza na nini?"

"Kukohoa."

"Nikikohoa, unanifungulia?"

"Sifungui. Najipanga."

"Halafu?"

"Halafu unapiga hodi."

Lori likasogea hatua moja, la nyuma yake likasogea. Nilimsikia anapumua kwenye spika.

"Mlio wa kwanza ni kikohozi," akasema pole pole. "Wa pili ndio hodi."

"Ni hivyo, Mama."

"Na kwa nini hukusema hivyo tangu siku ya kwanza? Mtu amekohoa kwangu miaka ishirini na sita, halafu hajui kueleza kikohozi."

Akakata. Nikabonyeza. Ukalia wa kwanza, nikahesabu kimya. Ukalia wa pili.

"Kumi na nane," akasema. "Iko hapa. Imeandika na GETI, kubwa kama ya kalenda."

Tulirudia mara sita. Mara ya sita alibonyeza tano, komeo likaachia, na geti likafunguka mbele yangu lenyewe. Nikalivuta nikalifunga tena. Mimi bado ni mkwe.

"Hiyo soketi ya chumbani imepinda," akasema kabla hajaweka simu.

"Najua, Mama."

"Iache. Najua ni ya nani."

Jumamosi Mathews alifika saa tano, gari limeoshwa, godoro limefungwa kamba. Mimi na Alinga tulikuwa naye getini. Nikamwambia abonyeze. Ikalia mara moja, mbili, tatu.

"Oundo, stima imepotea?"

"Ngoja."

Mara nne. Nadhani ya tatu na ya nne zilikuwa za Mama mwenyewe, za kujifurahisha.

"Nani huyo kwa geti?"

"Ni mimi, Mama. Mathews."

"Mathews wa kunitembelea ama Mathews wa kunibeba?"

Mathews aliniangalia. Mimi niliangalia malori.

"Mama, fungua tuongee."

"Si tunaongea? Niko kwa kiti yangu, sijainuka. Ulisema nikiweza kukaa kwa kiti nijue nani ananiita, nibaki. Nimekaa. Ni wewe. Dada yako naye amepiga asubuhi, nimejua ni Edinah kabla hajasema. Wa kunitembelea nimempikia atapa na kuku. Mwingine ageuze gari, malori yatampisha."

Wewe unajua ndugu yenu anavyopenda ule ugali wenu wa wimbi, lakini sidhani ilikuwa atapa. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo kama yuko mbele ya padri. Alinga alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake ni ndefu, alama bado zipo.

"Wa kukutembelea, Mama," akasema.

Komeo likaachia. Aliingia, Alinga nyuma yake, wakazitembea zile hatua sitini na mbili, na hakuna aliyezitembea kuja kuwapokea. Mimi nilibaki nje, nikakohoa, nikasubiri kisigino kipinde kona, ndipo nikafuata kuku.

Gari lilirudi Eldoret na Mathews peke yake. Godoro halikurudi. Mama alisema kitu kikishaletwa nyumbani kwa watu hakirudishwi, na sasa Nerima ndiye analilalia akichelewa kwenda kwake. Mathews hajalitaja kwenye kundi la familia. Na wewe usilitaje.

Basi shemeji, naomba mambo mawili. Unapopiga, acha ilie mara mbili, na ikifika nne usikate, anajipanga. Na ukipata adapta ya umeme mkali kama wetu, tuma. Nitasoma mgongo wake kwanza.

Lipo moja la mwisho. Mama ameagiza kwamba chombo cha kigeni kisipopimwa huharibika, kwa hiyo kila Ijumaa saa nne asubuhi nisimame getini nibonyeze, apime waya. Ijumaa hii tumepima kwa dakika arobaini. Madereva walidhani mimi ni wazimu wa kuongea na nguzo. Ameniambia kwamba mwaka ule nilipokuja kuposa, alikuwa amemtakia Alinga mwalimu mmoja wa Moding mwenye baiskeli mbili. Kisha akanisikia nikikohoa getini. Akasema moyoni kwamba mwanamume anayekohoa kwa woga namna hiyo hawezi kumwinulia mtoto wake mkono. Akamwambia mzee Emorut, "Mpe huyu."

Miaka ishirini na sita nilidhani walinikubali kwa sababu ya ng'ombe.

Nisalimie watoto, na yule jirani yako aliyenifundisha kwa video kupiga theluji koleo. Mama anakusalimu kwa namba kumi na nane. Alinga, Sharlyne na Nerima wanakusalimu pia, na Mathews angekusalimu kama angejua naandika. Mungu awafunike huko kwenye baridi, awape usingizi mzuri na safari ya kuja nyumbani, hodi yenu itasikika hapa ikiwa ya kwanza au ya pili.

Wako akupendaye, nikiwa bado nje ya geti,

Shemeji yako,
Methuselah Oundo